Somo na Mashine ya Nyuma ya Pazia

Hadithi hii hainipendezi. Mtu mwenye akili zake angeificha, akasimulia zile ambazo yeye ndiye shujaa. Mie za hivyo nnazo chache, tena nyingine nimezitunga. Lakini huwezi kumueleza Somo ukaniacha mie na heshima yangu. Anayetaka kumjua yule bibi lazima kwanza anione nilivyokuwa bwege. Basi nioneni, kisha tuendelee.

Kijiji chetu kizima cha Vitongoji tulimwita Somo. Jina alikuwa nalo, lipo kwenye kitambulisho chake, na huko ndiko lilikobaki. Somo ni yule mwanamke anayemfunda biharusi: anakaa nae ndani, anamsinga mwili kwa manukato, anamwambia ya ndoa yanayosemeka na yasiyosemeka, na siku ya shughuli ndiye mwenye amri upande wa wanawake. Mama mzazi wa biharusi mwenyewe anamuomba ruhusa. Kazaliwa wapi, mtoto wa nani, sijui. Niliwahi kumuuliza, akanijibu kwa kuniuliza mie naoa lini. Tokea siku hiyo sikuuliza tena.

Alikuwa mfupi, mpana, mwendo wa taratibu kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, lakini kila pahala yeye ndiye wa mwanzo kufika. Shughuli ikiitwa baada ya alasiri, Somo yupo tokea adhuhuri, kakaa kitako, anawasubiri watu ili awaambie wamechelewa. Mkoba wake mweusi ulikuwa na kila kitu: pini, udi, limau, dawa ya kichwa, sindano na uzi, na kijiko. Kile kijiko sikupata kumuona akilia chakula. Kilikuwa cha kugongea. Akikigonga kwenye nguzo ya turubali, wapishi wananyamaza, watoto wananyamaza, na kuku nao wanajifikiria.

Sasa hapa lazima nikuelezeni mambo yetu, maana kuna watu wa bara watasoma hii. Kwetu Pemba shughuli ya wanawake ni ya wanawake. Wanajifungia ndani ya turubali, mabuibui yanavuliwa, dhahabu zinatoka, nguo za kushonesha zinaonekana, na watu wanacheza mpaka wanja unashuka mashavuni. Mwanamme hapitishi hata pua. Tabu ni moja tu, wapiga muziki wengi ni wanaume. Ndiyo ikawa linatundikwa pazia pembeni, dijei anawekwa nyuma yake na mashine zake. Anaingia kabla hawajavua, anatoka wakishajifunika. Kazi yake ni kuwachezesha watu asiowaona. Yakhe, ni kama kupika chakula halafu ukapakua umefumba macho.

Na pazia lile lina sheria yake. Kabla yangu alikuwepo dijei mmoja kutoka mjini, kijana hodari, nyimbo zake zikiungana kama maji na maji. Akasingiziwa, au hakusingiziwa, Mungu ndiye ajuaye, kwamba kalitoboa pazia kwa kalamu. Hakuna aliyempiga wala aliyemshitaki. Ila simu yake haikulia tena kisiwa kizima. Siku hizi anauza matikiti, na ukimsalimia anatazama chini.

Kwa hiyo mie nilikuwa nataka vitu viwili: mashine yangu mwenyewe, na neno la Somo. Mashine bila ya neno la Somo ni sinia. Akisema “yule hapana”, umekwisha. Akisema “muacheni apige”, unakula pilau kila Jumamosi. Skuli nilimaliza ya msingi na sikuimaliza kwa sifa. Nilikuwa nimeshajaribu bodaboda, nikaiangusha. Nilishajaribu kuuza juisi ya miwa, nikawa naimaliza mwenyewe. Hii ya muziki ndiyo niliyoona Mungu kaniandikia, na nikiikosa hii, nilikuwa sijui nitamwambia nini mama.

Kwanza nilipiga kwa simu. Simu moja, waya mmoja, spika za kukodi. Ubaya wa simu ni kuwa nyimbo ikimalizika panakuwa kimya mpaka utafute nyingine, na kimya hicho kinawakuta wanawake mguu mmoja uko juu. Somo aliwahi kunijia nyuma ya pazia akanambia wenzangu kule wamesimama kama korongo, na mie natafuta nini humo ndani ya simu, chuya za mchele?

Yeye mwenyewe alikuwa akisema muziki ni upuuzi. Alikuwa na redio ndogo aliyoisikilizia habari na matangazo ya vifo, na ikianza nyimbo tu anaizima, ati anaipumzisha betri. Lakini ole wako uikate nyimbo ya taarabu kabla ya ubeti wa mwisho. Nilifanya hivyo mara moja. Siku tele alinipita njiani haniitikii shikamoo, na siku alipoitikia aliitikia kwa kuniuliza, mtu akikupa kanga akaikata pindo utaifunga vipi.

Ndivyo alivyokuwa, huwezi kumshika pahala. Kawafunda wasichana wa vijiji vitatu wadumu kwenye ndoa zao, na yeye kaolewa na kuachika mpaka watu wakaacha kuleta zawadi. Kuna bibi mmoja alimchokoza mbele za watu, akamuuliza mtu aliyeshindwa ndoa anafundisha nini. Somo hakununa. Alimwambia, “Mie najua milango yote ya kutokea, bibi. Ndiyo maana najua wapi pa kuwawekea kufuli.” Watu walicheka mpaka yule bibi nae akacheka.

Na ukali wake ulikuwa na ufa. Alimgombeza kila mtu kwa kupoteza chakula, lakini sahani yangu ya nyuma ya pazia ilikuwa inakuja na paja la kuku. Wengine walipata shingo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mtu mwenye njaa anapiga nyimbo za huzuni.

Basi msimu wa karafuu uliporudi nilipanda mikarafuu kama nyani. Nilichuma, nikachambua, nikaanika, nikauza, pesa nikaweka. Nilipoona zimefika za kununua mashine ya mkono wa pili, nikavaa shati la Idi nikaenda kwa Somo kumwambia nakwenda mjini Chake kununua kontrola. Nikamueleza: ni kibao chenye visahani viwili, unakiunganisha na kompyuta, nami ya kuazima ninayo, nyimbo moja inacheza huku na nyingine unaiandaa kule, kisha unazichanganya pasipo kimya. Akanisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho si kawaida yake. Kisha akauliza iwapo ile nyimbo ya pili, wakati naiandaa, nani anaisikia.

Nikamwambia mie peke yangu, kwa hedifoni.

“Basi hapo ndipo penye mashine,” akasema. “Mie nikimfunda mwali, neno namwambia sikioni kwanza. Akilikosea, kalikosea kwangu. Halafu ndiyo analisema mbele za watu. Kesho twende pamoja.”

Mie nilidhani ananitania. Kumbe asubuhi nimemkuta kakaa kituoni, kanisubiri, kanambia nimechelewa.

Duka lenyewe lilikuwa Chake, kwenye kichochoro, linauza spika, waya, taa za harusi na mashine zilizotumika. Muuzaji alikuwa kijana mnene mpole ambaye mpaka leo nikimpita anauliza, “Yule mama hajambo?” kwa sauti ya mtu anayeulizia ugonjwa. Juu ya meza alikuwa na kontrola mbili ambazo mfuko wangu uliweza kuzitazama. Moja ndogo, nyeusi, imechunika pembe, kitufe kimoja kimewekwa cha rangi nyingine kwa sababu chake kilipotea. Ya pili kubwa, mpya kwenye boksi lake, na alipoichomeka, yakhe, iliwaka. Kijani, zambarau, nyekundu, buluu, taa zinazunguka visahani kama pikipiki za msafara wa rais. Na bei zao zilikaribiana. Moyo wangu ulihamia kule palepale bila ya kuaga.

Somo alivaa miwani. Alianza na ile nyeusi. Akaigonga tumbo kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti. Akavisukuma vile vifito vya kupandisha na kushusha sauti, juu chini, juu chini, amefumba macho, akasema kimoja kina mchanga. Muuzaji akakubali kuwa ndiyo, kinakwaruza kidogo, ila kinasafishika. Akauliza ikiharibika hapa Pemba yupo wa kuifungua? Muuzaji akasema yupo. Akauliza umeme ukikatika inakuwaje? Akaambiwa ile inakula umeme wa kompyuta kwa waya wake mmoja, kwa hiyo wakiwasha jenereta ni la spika tu, yeye dijei hapotezi alipofika. Akauliza tundu la hedifoni liko wapi, likaoneshwa, akalitia kidole kuhakikisha. Muuzaji akaongeza kuwa ina kadi yake ya sauti ndani, yaani sauti ya watu inatokea nyuma kwenye pini nyekundu na nyeupe, na sauti yangu inatokea mbele. Njia mbili, hazikutani.

Kisha akaigeukia ile ya mataa. Akaizunguka. Akauliza suali moja tu, tundu la hedifoni. Muuzaji akajikuna, akasema hiyo, mama, ni ya kujifunzia zaidi, haina tundu wala kadi, sauti yote inatokea kwenye kompyuta. Somo akavua miwani. Kesi imekwisha. Akamwambia muuzaji apunguze ile nyeusi kwa sababu ya mchanga, muuzaji akapunguza, maana alishachoka, na Somo akasema anakwenda sokoni kutazama samaki, nimlipe mtu wake, tukutane kituoni.

Na hapa ndipo ninapoingia mie.

Alipotoka, yule muuzaji alikuwa ameshaanza kuifunga ile nyeusi kwenye gazeti. Gazeti, jamani. Nikajiona nafika Vitongoji na kitu kimefungwa kama dagaa. Nikajiona dijei wenzangu wananicheka. Nikamuuliza, ile nyingine kama tungeitilia hedifoni kwenye kompyuta? Akanambia kwa haki yake, ukichomeka hedifoni kwenye kompyuta, spika zinanyamaza. Nikamwambia haidhuru, mie nyimbo zangu nazijua kwa moyo. Akanitazama, akatazama mlangoni alikotokea Somo, akatazama tena mie. Alinihurumia, lakini biashara ni biashara. Nikaondoka na boksi.

Somo kituoni aliliona lile boksi kubwa. Njia nzima alizungumzia samaki.

Shughuli ya kwanza niliyoipigia na mashine ile ilikuwa palepale kwetu, biharusi ni jirani, na mama yangu mzazi alikuwa mualikwa, kavaa nguo ya sare na kukaa safu ya mbele. Turubali limefungwa pande zote, ndani kuna kiza cha kupendeza na vitaa vichache. Mie nyuma ya pazia jeupe la mashuka yaliyoungwa, na mashine yangu imewaka kama soko la Darajani usiku wa Idi. Nikaanza. Nyimbo ya kwanza, vigelegele. Ya pili, vigelegele. Nikajua nimefika. Nikawa nacheza na mie huko nyuma, peke yangu, nazungusha kiuno, nanyanyua mikono, pilau likaja nikalila hukuhuku nacheza, nikalamba na vidole. Nani ananiona?

Wote walikuwa wananiona.

Yale mataa, jamani, yalikuwa mbele yangu chini na ukuta mweupe wa nyumba nyuma yangu, na mwangaza ukaupiga ukuta ukarudi mgongoni kwangu, kivuli changu kikatua kwenye pazia kikubwa kuliko mie. Kwa muda wanawake walikuwa wanacheka tu, wakidhani ni mpango wa shughuli. Nami kila wakicheka nikazidi kiuno, nikidhani nyimbo zimewaingia.

Kisha ikafika saa ya biharusi kutoka. Hapo panatakiwa nyimbo yake maalumu, aliichagua mwenyewe, na mie nimeipokea kwenye simu nikaitia kwenye kompyuta pamoja na takataka zangu nyingine. Zote hazina majina, namba tupu. Ningekuwa na tundu la hedifoni ningezionja kimyakimya. Sinalo. Nikapiga bismillahi nikabonyeza moja.

Ikatoka sauti yangu. Ilikuwa ile siku niliyokuwa najirekodi tangazo langu mwenyewe chumbani. “Huyu ndiye Dijei Tufani, chaguo la mabinti wa Pemba!” Kikohozi. “Huyu ndiyeee Dijei Tufani!” Halafu kutoka mbali, sauti ya mama yangu safi kabisa: “Weye Tufani, mbuzi kaingia jikoni!” Nikabonyeza kuizima, kumbe nimebonyeza kile kitufe cha kurudiarudia. Mbuzi kaingia jikoni. Mbuzi kaingia jikoni. Mbuzi kaingia jikoni. Ina mdundo mzuri, siwezi kusema uongo.

Vicheko vilivyotoka vilikaribia kulinyanyua turubali. Lakini katikati ya vicheko kuna mtu mmoja, mgeni, akauliza swali lililovikata vyote. Akasema kama sie tunamuona yeye hivi, yeye anatuona vipi?

Hapo nilisikia kitu ambacho sitaki kukisikia tena, mlio wa mabuibui yakivaliwa kwa pamoja, faaa, kama kundi la njiwa wanaruka. Nikaona matikiti. Wallahi niliyaona, yamepangwa barabarani, na mie nimekaa nyuma yake.

Kijiko kikagonga nguzo. Somo akaja upande wangu. Hakunitazama. Alivua kanga yake ya begani akaifunika mashine nzima, mataa yakazimika, kivuli kikafa. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, “Vueni mabuibui yenu. Huyu haoni kitu. Tundu la hedifoni halikumuingia machoni mchana kweupe dukani, atakuoneni nyie kupitia shuka?”

Wakacheka upya, na mabuibui yakavuliwa. Biharusi akatoka kwa vigelegele vitupu na makofi, bila ya nyimbo, na mpaka leo watu wanasema hajatoka biharusi mzuri kama yule. Mama alinisubiri nyumbani. Kuhusu mbuzi hakusema neno. Alichotaka kujua ni nani aliyeniruhusu kuirekodi sauti yake.

Asubuhi yake nilikwenda Chake na boksi kichwani. Muuzaji alikuwa bado na ile nyeusi, hakuna aliyeitaka. Akaipokea ya mataa, akanipa nyeusi, na juu yake hakunirejeshea kitu wala sikudai. Aliifunga kwenye gazeti lilelile.

Ikaanza miaka yangu ya kweli ya kazi, na hiyo ndiyo miaka niliyomjua Somo sawasawa. Alinifunda kama anavyofunda mwali, isipokuwa kusingwa. Alinifunza kusikiliza. Alisema vigelegele si vya aina moja: kuna cha furaha, kuna cha adabu, na kuna cha kumwambia dijei tumechoka na nyimbo hii ila hatutaki kukuvunja moyo. Alinifunza kusikiliza miguu kwenye mkeka. Ikiwa inakokota, warudishie taarabu wakae watunzane pesa. Ikiwa inaruka, usiguse kitu. Alinikataza kupiga nyimbo za mafumbo ya wake wenza mpaka nimuulize yeye kwanza nani kakaa na nani, maana kuna siku moja mahali fulani, hakusema wapi, nyimbo moja ilimalizika kwa sahani kuruka.

Na ikikaribia adhana ya magharibi, kabla hata spika ya msikiti haijakohoa, kijiko kinagonga. Muziki ni upuuzi, na upuuzi una saa yake ya kufunga. Wengine walikuwa wanaomba nyimbo moja tu ya mwisho, hata mama wa biharusi alikuwa anaomba. Hakumpa mtu. Lakini mie nilikuwa nikimuona, wakati nafunga waya na watu wameshajifunika, anavyotoka taratibu midomo yake inamalizia ule ubeti tulioukata.

Hakunisifu hata siku moja. Nilitega masikio kama mtu anayesubiri mwezi wa Idi. Nikipiga vizuri ananyamaza, nikikosea ananipa mfano wa kanga. Niliwahi kumuuliza waziwazi kama nimeshakuwa dijei. Akasema nimeshakuwa mtu anayemiliki hedifoni.

Kisha magoti yake yakamshinda, na mtoto wake wa kiume akaja kumchukua kwenda kukaa nae Kiuyu, kaskazini huko. Kwetu kazi akaishika mwanafunzi wake mmoja, mwanamke mzuri, mpole, anayefika kwa wakati tu. Nilipata kazi kama kawaida, lakini nilikuwa napiga kwa mazoea. Pazia bila ya kijiko ni shuka.

Nilikuja kumuona tena si zamani sana, niliitwa kupiga Kiuyu kwa mara ya kwanza. Nakuambieni, kupiga Kiuyu kwa mtu wa Vitongoji ni mtihani. Hunijui, sikujui, na jina langu kule lilikuwa halina mdhamini. Nikafika mapema, maana nilishafundishwa, nikakuta nyuma ya pazia pana kiti, na juu ya kiti pana Somo.

Nikamwambia shikamoo, akanambia marahaba, umechelewa. Nikamuuliza anafanya nini upande huu, kwa nini hayuko kule na wenzake kwenye viti vya heshima. Akanyanyua mabega. Akasema akikaa kule mabinti wanacheza kwa adabu, nusu yao kawafunda yeye na mama zao pia, wakimuona wanavuta kanga. “Nimewaachia wafurahi,” akasema. “Mie nimekuja kukaa na vipofu wenzangu.”

Kwa hiyo alasiri ile tulikuwa wawili. Nikamvisha hedifoni, sikio moja la kuonja nyimbo, jengine wazi la kusikiliza kule. Mie nikawa nateua nyimbo, namuonjesha, anatikisa kichwa au anakunja uso. Na kule kwenye pazia akawa ananisomea shughuli kama mtu aliyeko ndani. Huyo aliyecheka ni mdogo wake biharusi, ana miguu myepesi, muongezee kasi. Hapo pamenyamaza, wameletewa halua, waache watafune. Sasa bangili zinalia pamoja, wamepanga mstari, usibadilishe, usibadilishe, haya, badilisha. Nikabadilisha. Lile turubali lilitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwenye kazi yangu yote, na Somo, na magoti yake yale, akakamata ukingo wa meza akasimama. Hakucheza, sitomzulia. Ila mabega yalikuwa yana shughuli zao.

Tulifunga kabla ya adhana. Akaja kijana wake akamchukua kwa mlango wa nyuma, maana hakutaka kusalimiwa na watu wote mpaka kesho. Mie nikabaki nakunja waya, nafurahi peke yangu.

Pazia likafunguliwa kwa nguvu. Alisimama shangazi wa biharusi, mwanamke mrefu, buibui keshalivaa, na nyuma yake wengine wanachungulia. Hakunisalimia. Alianza kulikagua pazia, shuka kwa shuka, anapitisha mkono kwenye kila mshono. Alisema kapigiwa muziki na madijei wengi, na hakuna aliyewahi kujua lini wanakula halua na lini wamepanga mstari. Akasema mtu hawezi kupiga vile bila ya kuona. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, tundu liko wapi.

Nimekaa miaka na jina safi, na jina langu lote lilikuwa kwenye mkono wa mwanamke anayepapasa mashuka. Nikasema nilikuwa na Somo. Akasema Somo ni mgonjwa, yuko kwa mtoto wake. Nikasema alikuwa hapa, kakaa kwenye kiti hicho. Akakitazama kiti kama ndicho kilichosema uongo. Nikampigia simu yule kijana wake, nikaiweka sauti ya nje, nikamuomba ampe mama.

Somo alisikiliza malalamiko yote mpaka mwisho. Kisha akamuuliza yule shangazi, alipokuwa anacheza katikati pale, bangili yake moja iliyodondoka kaipata? Maana imebingirikia mkono wa kushoto, chini ya viti, kaisikia.

Watu wakaenda kutazama chini ya viti. Wakarudi nayo.

Shangazi aliivaa bangili yake taratibu. Alilishusha pazia, akalinyoosha vizuri kama lilivyokuwa, akaniomba radhi, akanifungia pilau la kuondoka nalo. Nikaona hapa sasa ndipo pa kusifiwa, miaka yote nimesubiri, nikasimama wima kabisa. Akanambia, “Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishamalizika, tuna harusi nyengine hapa, na tunakutaka. Lakini kama huji na yule bibi, weye usihangaike, tuletee mashine tu.”